Dokta Nijibu: Altrasaundi inaingiaje puani? Maswali yenu kuhusu uvimbe wa pituitari

Toleo lililopita nilichomeka sentensi moja tu, kwamba siku hizi kuna wapasuaji wanaotumia altrasaundi humohumo thieta wakati wanatoa uvimbe wa tezi ya pituitari, basi hiyo sentensi moja imeniletea maswali mengi kuliko makala nzima ya kisukari niliyoihangaikia. Haya, ndo kazi yenyewe. Nimechagua machache maana mengi yanafanana. Kwa wageni wa safu hii niseme mapema, mi ni daktari wa homoni, si mpasuaji, kwa hiyo haya mambo nayaona kutoka upande wa anayempokea mgonjwa kabla ya kisu na anayebaki naye baada ya kisu.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 54, alianza kutoona vizuri, kabadilishiwa miwani mara mbili lakini wapi, juzi MRI ikaonesha uvimbe wa pituitari wa sentimita 2.8. Tumeambiwa apasuliwe kupitia puani. Kaka anasema hospitali za maana wanatumia altrasaundi wakati wa kupasua. Mi altrasaundi naijua ya mimba, sasa hii ya kichwani ikoje na inaingiaje puani? (Binti wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba binti, na pole na kuuguza. Hiyo ya miwani mara mbili naisikia sana, watu wanapelekwa kwa miwani mwaka mzima kumbe jicho lenyewe ni zima, tatizo liko nyuma huko. Pituitari ni katezi kadogo kama punje ya njegere, kamekaa kwenye kishimo cha mfupa chini kabisa ya ubongo, katikati ya kichwa, nyuma ya pua. Juu yake tu ndo zinapopishana neva za macho mawili. Uvimbe ukikua unapanda juu unazisukuma zile neva kutokea chini, na zinazoumia kwanza ni zile nyuzi zinazobeba picha za pembeni, kwa hiyo mama anaona mbele vizuri tu ila pembeni kulia na kushoto kumezimika, anagonga miimo ya milango, bodaboda inamtokea ubavuni hajaiona. Muulize kama ni hivo. Na kabla hujapata presha, uvimbe wa hii tezi kwa sehemu kubwa sana si saratani ya kusambaa mwilini. Shida yake ni mahali ulipo, na homoni unazozivuruga.

Sasa altrasaundi. Ni ileile ya mimba kwa asili, kidude kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga nyama yanarudi, kompyuta inachora picha kutokana na mwangwi uliorudi. Ila mfupa mgumu na hewa haviyapitishi vizuri hayo mawimbi, ndo maana huwezi kumpaka mama jeli kwenye paji la uso ukaiona pituitari yake. Kwa mtoto mchanga inawezekana kuangalia ubongo kwa altrasaundi kwa sababu utosi bado haujafunga, pale ndo dirisha. Kwa mtu mzima dirisha hakuna, mpaka mpasuaji alifungue mwenyewe.

Na analifungua kweli. Mgonjwa akishalala usingizi wa nusu kaputi, kamera nyembamba inaingizwa kwenye tundu la pua, wanafika kwenye ule uwazi wa hewa ulio nyuma ya pua, wanatoboa ukuta mwembamba wa mfupa, na hapo wanakutana na utando unaofunika tezi. Hapa ndo altrasaundi ina kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya, hata kaka yako nahisi anazichanganya.

Ya kwanza ni ya kusikiliza. Kulia na kushoto ya hiyo tezi, milimita chache tu kutoka pale, inapita mishipa mikubwa miwili ya damu inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukiukata mmoja hiyo ni dharura mbaya kuliko zote kwenye huu upasuaji. Kwa mikono yenye uzoefu ni nadra, chini ya mgonjwa 1 katika 100, ila ikitokea inaweza kuua au kuacha kiharusi. Sasa kabla ya kuchana utando, mpasuaji anagusisha kijiti chembamba cha Dopla, kikiwa juu ya mshipa spika inatoa sauti ya damu inavyosukumwa, shwaa shwaa shwaa kwa mapigo ya moyo, akisogeza katikati sauti inapotea, basi anajua wapi pa kukata na wapi pa kuheshimu. Hakuna picha hapo, ni sauti tu. Hiki kijiti kimeenea sehemu nyingi duniani kwa sababu si ghali kivile na kazi yake inachukua dakika chache. Mi ukiniuliza, kwa mgonjwa ambaye mishipa yake imejikunja au imesogea katikati, na wenye akromegali (homoni ya ukuaji imezidi kwa mtu mzima) wanakuwaga hivo, hicho kijiti kinaweza kuwa na maana kuliko mashine nyingine yoyote pale thieta.

Ya pili ndo ya picha. Hapa kinatumika kidude kidogo cha kuweza kupita puani hadi kwenye kile kishimo. Wakishatoa sehemu ya uvimbe wanajaza pale maji ya chumvi ya hospitali, manake hewa ikibaki picha inaharibika, wanaingiza kidude, na kwenye skrini wanaona kilichobaki ndani, utando wa juu umeshuka kiasi gani, neva za macho ziko wapi, mishipa ile miwili ikipiga. Mawimbi yake yanatetemeka kwa kasi kubwa, megahezi 10 (mara milioni 10 kwa sekunde) kwenda juu, wakati ya mimba kwa kawaida ni 3 hadi 5. Kasi ya kutetemeka ikiwa kubwa picha inakuwa na undani zaidi, unaona hadi vitu vya chini ya milimita, ila mawimbi hayafiki mbali, sentimita chache yameishiwa. Kwa mimba ingekuwa hasara, kwa pituitari ni sawa kabisa kwa sababu kila kitu tunachokitaka kiko karibu.

Kwa hiyo mwambie kaka kwamba amesema kweli nusu. Picha ya altrasaundi ndani ya kishimo bado ni kitu cha vituo vichache hata Ulaya na Marekani. Kijiti cha Dopla ndo cha kuulizia. Ila msicheleweshe upasuaji wa mama mkitafuta mashine, macho yanayobanwa hayasubiri, yakibanwa muda mrefu sana hata uvimbe ukitoka yanaweza yasirudi yote.

SWALI: Niaje daktari. Niko campus Nairobi nasomea radiografia. Swali langu, kama mgonjwa ashafanyiwa MRI na inaonyesha kila kitu, ya nini tena altrasaundi ambayo picha yake ni ya chengachenga? Si ni kurudi nyuma? (Jamaa wa Rongai)

JIBU: Swali zuri sana hili, na kwa mtu wa fani yako usiliache likaishia hapa.

MRI ile imepigwa juzi au wiki iliyopita, kichwa kikiwa kimefungwa. Mpasuaji akianza kuchota uvimbe mambo yanabadilika, uvimbe ulikuwa umeusukuma juu ule utando wa juu, ukishachota kutoka chini utando unashuka kwenye uwazi, wakati mwingine unashukia katikati na kuficha kipande kilichobaki pembeni nyuma yake, wewe kwenye kamera unaona kumekuwa safi, unafunga, miezi mitatu baadaye MRI ya ufuatiliaji inaonesha kipande kipo palepale. Kamera inaona uso wa kitu, haioni kilicho nyuma ya uso. MRI inaona ndani ila ni ya jana. Altrasaundi inaona ndani na ni ya sasa hivi, hilo ndo jambo lenyewe, mengine yote ni maelezo.

Utaniambia mbona kuna MRI za ndani ya thieta. Zipo, na picha zake nzuri kuliko altrasaundi, sibishi. Ila hiyo ni mamilioni ya dola, chumba kijengwe upya, vyuma vyote visiwe vya kuvutwa na sumaku, na ukisimamisha upasuaji upige picha unaongeza kama saa zima mgonjwa akiwa amelala usingizi. Altrasaundi unaongeza dakika, na unaweza kuchungulia tena na tena kila baada ya kuchota kidogo.

Na ukiangalia historia ya huu upasuaji wote ni watu wanapigania kuona ndani ya shimo jembamba. Hermann Schloffer ndo alikuwa wa kwanza kufikia uvimbe wa pituitari kupitia puani, Innsbruck kule Austria, mwaka 1907. Baadaye Harvey Cushing wa Marekani akaifanya sana njia hiyo, akiingilia chini ya mdomo wa juu, zaidi ya wagonjwa 200, kisha katika miaka ya 1920 akaiacha akarudi kufungua fuvu, sababu mojawapo ilikuwa kwamba kwa juu alikuwa anaziona neva za macho na kwa chini alikuwa hazioni. Mtu wa kiwango chake! Njia ya pua ikakaribia kufa, wakabaki wachache wanaoishikilia, akaja Jules Hardy kule Montreal miaka ya 1960 akaweka darubini ya upasuaji, ndo ikawezekana kutoa kavimbe ka milimita chache na kuacha tezi iliyobaki nzima. Kamera za endoskopu zikafuata miaka ya 1990.

Altrasaundi imeingia kwa mlango wa ugonjwa wa Cushing, na hapa ndo penyewe panaponoga kwangu kama mtu wa homoni. Kwenye ugonjwa huo kavimbe kadogo mno ka pituitari kanatoa homoni inayoamrisha mwili utengeneze kotisoli, homoni ya kuhimili mkazo, kupita kiasi, mgonjwa ananenepa tumbo na uso, mikono na miguu inakonda, michirizi ya zambarau tumboni, presha, sukari, mifupa inavunjika, huzuni. Ugonjwa mbaya kweli na watu wanaudhani ni unene wa kawaida. Sasa huo uvimbe unaweza kuwa milimita 3 au 4, na wagonjwa wengi MRI haioni kitu, miaka ya 1990 ilikuwa karibu nusu yao. Unajua damu inasema upo, picha inasema haupo. Kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani kule Bethesda, timu ya Edward Oldfield ilikuwa inapitisha mirija kutoka kwenye kinena hadi kwenye mishipa ya chini ya fuvu, kulia na kushoto, ikichota damu kulinganisha homoni na ile ya mkononi, ili kuthibitisha kwamba chanzo ni pituitari kweli. Ila bado mpasuaji akifika pale inabidi aikatekate tezi vipandevipande akitafuta, na kila kipande cha tezi nzima unachokata ni homoni ambayo mgonjwa ataikosa maisha yake yote. Ndo wakajaribu altrasaundi moja kwa moja juu ya tezi. Mwaka 1998 wakachapisha matokeo kuhusu wagonjwa ambao MRI haikuonesha kitu, na wengi wao altrasaundi iliuona uvimbe, ukijionesha kama kidoa cheupe zaidi ya tezi iliyouzunguka. Hebu fikiria, mashine ya bei ndogo inaona ambacho mashine ya bei kubwa haijaona.

Baada ya hapo MRI zikaboreka, sumaku zikawa na nguvu zaidi, hamu ya altrasaundi ikapoa kidogo. Ikarudi tena vidude vilipokuwa vidogo, kule Trondheim, Norwei, mwaka 2010 wakaelezea kidude cha kuingia kabisa ndani ya kishimo cha tezi, na miaka ya karibuni timu ya hospitali ya neva ya Queen Square pale London nao wamekuwa wakiifanyia kazi, safari hii lengo likiwa zaidi ni vipande vinavyobaki vya uvimbe mkubwa na ile mishipa ya pembeni.

Chengachenga unazozisema ni kweli zipo. Damu iliyoganda inang'aa, kipovu cha hewa kinang'aa, kipamba cha kuzuia damu kinang'aa, na vyote vinaweza kukudanganya ukadhani ni uvimbe. Halafu picha yenyewe imelala pembe ambayo mpasuaji hajaizoea, MRI ameizoea imesimama, hii inategemea kidude umekigeuzaje, mpaka uelewe juu ni wapi na kushoto ni wapi unahitaji wagonjwa kadhaa. Na kuhusu ushahidi, mwingi uliopo ni wa hospitali mojamoja zikiripoti wagonjwa wao, si majaribio makubwa ya kulinganisha kundi kwa kundi, kwa hiyo anayekwambia imethibitika kuponya watu wengi zaidi anakuuzia. Wewe kwa kuwa unasoma radiografia, huko ndo kuna kazi ya kufanya, kuna madaktari wengi wanaojua kupasua ila wachache wanaojua kusoma hiyo picha, mtu wa picha akisimama pale thieta pembeni ya mpasuaji mambo yanakuwa mengine.

SWALI: Dokta habari za kazi, mimi ni dada wa miaka 29 Mwanza, siku zangu zimekata mwaka sasa na maziwa yanatoka bila mtoto. Nyumbani wameshasema mengi hadi nimepelekwa kuombewa. Nimepima prolaktini iko juu sana na MRI inasema uvimbe milimita 7. Je nitafute hospitali yenye hiyo altrasaundi ya puani?

JIBU: Hapana mdogo wangu, usitafute, na wala usipasuliwe kwanza. Pole kwa maneno ya nyumbani. Maombi endelea nayo kama yanakupa nguvu, ila wewe una ugonjwa unaojulikana na una dawa.

Uvimbe unaotoa prolaktini, homoni ya maziwa, ndo pekee katika ukoo huu wote ambao kwa kawaida tunauanza kwa vidonge. Kabegolini, mara moja au mbili kwa wiki, isipopatikana kuna bromokriptini ambayo ni ya kila siku na inachefua zaidi, unaanza dozi ndogo usiku na chakula. Wengi prolaktini inashuka, siku zinarudi, maziwa yanakata na uvimbe unasinyaa. Angalizo moja ambalo watu wanalisahau, uwezo wa kupata mimba unaweza kurudi kabla hata hujaona siku zako, kwa hiyo kama hutaki mtoto sasa hivi jikinge kuanzia kidonge cha kwanza. Na kabla ya yote wahakikishe huna mimba, tezi ya shingo imepimwa, na hutumii dawa zinazopandisha prolaktini, baadhi ya dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili zinafanya hivo. Upasuaji unakuja kama vidonge vimegoma au huvivumilii, au kuna sababu maalum mtakayojadili na daktari.

SWALI: Mimi ninachotaka kujua ni kimoja. Mjomba wangu anasema hiyo altrasaundi ndo inaunguza uvimbe bila kukata, mbona nyie mnasema ni ya kuangalia? (Tanga)

JIBU: Mjomba kakusanya vitu vitatu kavitia chungu kimoja. Altrasaundi ya picha haiunguzi wala haina mionzi. Kipo chombo kingine cha mpasuaji ambacho ncha yake inatetemeka kwa kasi ya mawimbi ya sauti, mara elfu 20 na kitu au 30 na kitu kwa sekunde, kinasaga uvimbe mgumu na kuufyonza papo hapo, hicho kinafanya kazi lakini hakioneshi picha. Na yapo mawimbi yanayokusanywa kutoka nje ya kichwa yakaunguza sehemu ndogo ya ubongo, hayo yanatumika kwa mfano kwa watu wenye mtetemeko mbaya wa mikono, si tiba ya kawaida ya pituitari. Kitu kinachofanyika pituitari bila kukata ni mionzi, na hiyo mara nyingi ni ya kipande kilichobaki baada ya upasuaji.

SWALI: Kaka hujambo. Mdogo wangu yuko Minneapolis, ana akromegali, amepangiwa upasuaji. Tulivyosoma hii ya altrasaundi akamuuliza daktari wake, daktari kasema hawaitumii. Tunajiuliza abadilishe hospitali? Na sisi huku Bongo tungekuwa na mgonjwa wa hivi tungeponea wapi?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Asibadilishe kwa sababu hiyo. Kama ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mpasuaji wa pituitari lisingekuwa la mashine, ningemuuliza kwa mwaka anafanya wangapi. Hii ni kazi ya mikono iliyorudia, anayefanya mmoja kila baada ya miezi na anayefanya kila wiki si watu wa kulinganisha hata huyo wa kwanza ukimjazia thieta vifaa vya kila aina. La pili ningeuliza nani atamwangalia homoni, kabla, siku ile, na baada. La tatu kama daktari wa pua na koo anaingia naye. Halafu ndo ningeuliza mishipa mikubwa mtaitambuaje kabla hamjachana, na hapo akijibu Dopla, au mfumo wa kuongoza kwa picha za MRI na siti skani, au vyote, nashukuru. Kwa akromegali hasa, mwombe aangaliwe na usingizi wake, hawa watu ulimi na koo vinakuwa vikubwa, wanakoroma na kukata pumzi usiku, na mtu wa nusu kaputi anapata tabu kupitisha mpira wa kupumulia. Moyo pia, sukari pia.

Huku kwetu, MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanatoa uvimbe wa pituitari kupitia puani, na Nairobi pia upo, kwa hiyo ile dhana kwamba pituitari lazima India imepitwa na wakati, ingawa wapo watakaopewa rufaa kulingana na uvimbe ulivyo. Kinachoniuma zaidi ni huku kwenye homoni, wagonjwa wanatolewa uvimbe vizuri, wanarudi mkoani, hakuna anayejua kwamba yule mama sasa anaishi kwa kidonge cha haidrokotisoni, kinachoziba pengo la kotisoli, na kwamba akipata malaria anatakiwa kuongeza dozi, zahanati wanampa dawa ya malaria wanamrudisha nyumbani, anazimia. Altrasaundi ya puani ikija Dodoma kesho nitafurahi, ila leo nikipewa hela kidogo nitanunua vipimo vya kotisoli na vidonge.

Na kwa mliouliza kwa ujumbe kama mpige MRI "kuangalia tu", msijitafutie usingizi wa mang'amung'amu. Karibu mtu 1 katika 10 ana kauvimbe kadogo kwenye pituitari kasikofanya chochote na atazeeka nako.

SWALI: Assalaam aleykum dokta. Mume wangu yuko Maskati, ametolewa uvimbe wa pituitari kupitia puani wiki mbili zilizopita, alhamdulillah macho yamerudi. Ameambiwa asiiname wala asipenge. Sasa udhu wake na sujudu itakuwaje? Na Ramadhani ikija, anatumia haidrokotisoni na dawa nyengine ya kupulizia ya kuzuia kukojoa sana. (Mama wa Mkunazini, Unguja)

JIBU: Waaleykum salaam bi mkubwa, na hongera kwa macho. Swali lako kwenye vitabu vyetu vya hospitali halimo na lingefaa liwemo.

Pale walipopita wamepaziba, kwa tishu zake mwenyewe au kwa gundi au vyote, na juu ya hapo kuna maji ya ubongo. Presha yoyote puani au kichwani inaweza kupafumua kabla hapajashika. Kwa hiyo kupandisha maji puani na kuyapenga kwenye udhu aache kwanza, wiki kadhaa, mpaka mpasuaji wake aseme. Kwa Shafii, ambao ndo wengi huku kwetu pwani, jambo hilo ni sunna na udhu unatimia bila yake, lakini huko Omani huenda sheikh wake ni wa madhehebu mengine basi amuulize yeye, mi nasema la upande wa mwili tu. Asichanganye na yale maji ya chumvi ya kusafishia pua aliyopewa hospitali, hayo yana utaratibu wake na siku yake ya kuanza. Chafya ikimjia apige mdomo wazi, asiibane. Asinyanyue ndoo wala gunia, choo kikiwa kigumu apate dawa ya kulainisha asijikamue. Na kama ni mtu wa ugoro, huu ndo wakati wa kuuacha moja kwa moja.

Sujudu aswali kwa kukaa na ashirie kwa kichwa kidogo, asikiinamishe kichwa chini ya moyo. Wengi wanaruhusiwa baada ya wiki nne hadi sita hivi, ila kama alivuja maji ya ubongo kwenye upasuaji itakuwa zaidi.

Saumu ndo sitaki alichukulie juujuu. Dawa ya kupulizia ina maana mwili wake haushiki maji, mchana wa joto la Maskati bila kunywa ni hatari ya kweli, na haidrokotisoni kwa kawaida inagawanywa mara mbili au tatu kwa siku, akiruka ya mchana anaweza kuanguka presha akapotea. Mgonjwa ana ruhusa yake. Akitaka sana kufunga, miezi miwili kabla akae na daktari wake wa homoni, wapo wanaobadilishiwa dawa na ratiba wakaweza, wapo wasioweza, na siku akijisikia kizunguzungu au kutapika afungue palepale.

Na hizi wiki muwe macho na mambo mawili. Kwenye wiki ya kwanza na ya pili chumvi ya damu inaweza kushuka ghafla, kichwa kinauma, kichefuchefu, anakuwa kama kachanganyikiwa, hilo ni la kupimwa damu siku hiyohiyo. La pili, akiona maji maangavu kama ya kunywa yanachuruzika tundu moja la pua hasa akiinamisha kichwa, au anahisi ladha ya chumvi inateremka kooni, asisubiri tarehe ya kliniki wala asiniandikie mimi, aende emajensi.